MKATE WA KIFARANSA: VITU VINNE NA MIZANI
Somo kwa vikundi vya uzalishaji vya vyama vya msingi



Katika nyanda zetu za kati mvua huja kwa msimu mmoja tu, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkulima wa mtama, uwele, karanga au alizeti huvuna mara moja, kisha hungoja. Kwa sababu hiyo vikundi vingi vya akina mama na vijana katika vyama vyetu hutafuta kazi ndogo ya kuingiza fedha wakati wa kiangazi, na baadhi yao wamechagua kuoka mikate.

Makusudi ya somo hili ni mawili. Kwanza, kueleza namna ya kuoka mkate wa Kifaransa nyumbani, kwa vyombo tulivyo navyo. Pili, kuonyesha jinsi mkate huo huo unavyoweza kuinua kikundi au kukiangusha, kutegemea kama umepimwa au haukupimwa.

1. Kwa nini mkate huu

Mkate wa Kifaransa ni mrefu, una ganda kavu linalovunjika, na ndani yake ni mwepesi wenye matundu. Jamaa zetu wa pwani na Visiwani wanao ndugu yake, boflo, ambao huliwa kwa chai au kwa mchuzi. Mkate huu hauhitaji maziwa, mayai, sukari wala mafuta. Una vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Huko Ufaransa kwenyewe, amri ya serikali ya mwaka 1993 iliweka kwamba mkate uitwao wa jadi ya Kifaransa sharti utengenezwe kimsingi kwa vitu hivyo vinne. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ustadi wa kuoka mkate huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Sisi tunauchagua kwa sababu nyingine: ni rahisi kufanya na ni rahisi kufanyia hesabu. Chenye vitu vinne hukaguliwa upesi kuliko chenye vitu kumi.

2. Vipimo

Kwa kilo moja ya unga:
Unga wa ngano, gramu 1,000.
Maji, gramu 650. (Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, hivyo mililita 650.)
Chumvi, gramu 20, yaani vijiko vya chai vitatu na nusu hivi.
Hamira kavu, gramu 7, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa.

Jumla ni gramu 1,677 za kinyunya, yaani unga uliokwisha kukandwa. Sehemu kidogo hubaki mikononi na vyomboni. Tuhesabu gramu 1,650, ambazo hugawanyika katika madonge 6 ya gramu 275 kila moja. Motoni donge hupoteza maji, kiasi cha sehemu moja katika sita ya uzito wake, na mkate uliopoa huwa na gramu 230 hivi. Yafaa mwuzaji alijue jambo hili ili asije akamwahidi mnunuzi uzito wa kinyunya.

3. Kukanda na kuumua

Changanya unga na maji peke yake mpaka pasiwe na unga mkavu, funika, uache kwa dakika 30. Njia hii ilienezwa katika miaka ya 1970 na Raymond Calvel, mwalimu wa uokaji wa Ufaransa. Wakati wa mapumziko hayo unga hunywa maji, na ule ute wa ngano unaovutika hujiunga wenyewe, hivyo kazi ya mkono hupungua. Kisha tia chumvi na hamira, ukande kwa dakika 10. Kinyunya kikiwa tayari huwa laini, na ukikivuta kwa vidole hutanuka kama utando bila kukatika upesi. Kikinata mikononi usikimbilie kuongeza unga. Lowanisha mikono kwa maji uendelee. Unga unaoongezwa kwa kukisia ndio mwanzo wa hesabu isiyolingana.

Funika chombo kwa kitambaa kibichi. Hapa kwetu sharti hili halina msamaha, kwa kuwa upepo mkavu wa kiangazi hukausha uso wa kinyunya kwa muda mfupi, nacho kikishapata ngozi hakipandi vizuri. Kinyunya kiache kiumuke mpaka kiwe mara mbili ya kimo chake. Katika joto la Novemba huenda ikatosha saa moja. Katika baridi ya Juni na Julai yaweza kuchukua saa mbili au tatu. Basi tusitazame saa, tutazame kinyunya. Siku za joto kali tumia maji ya mtungini, yaliyopoa, kwani kinyunya kinachopanda kwa pupa hukosa ladha.

Kikishapanda, kigawanye kwa mizani katika madonge ya gramu 275. Yaviringe, yaache dakika 15 yapumzike, halafu yanyoshe yawe marefu. Yapange juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga, ukifinya kitambaa kati ya mkate na mkate ili yasigusane. Funika tena kwa dakika 45 hivi. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole bila kutoweka kabisa, mikate iko tayari kwa moto.

4. Kuoka

Kwa wembe safi, chana uso wa kila mkate mistari mitatu ya mshazari. Mkate motoni hutanuka kwa nguvu. Usipouonyesha pa kufungukia utapasuka ubavuni.

Mkate huu hupenda moto mkali, nyuzi 230 hadi 240 za Sentigredi, kwa dakika 20 hadi 25. Mwenye tanuri la matofali au la udongo alichome kuni ndani, aondoe makaa, afute sakafu, kisha anyunyize unga kidogo juu yake. Unga ukigeuka mweusi papo hapo, moto umezidi, na tanuri lipumzishwe. Ukigeuka kahawia polepole, moto ni wa kadiri. Kabla ya kufunga mlango, weka ndani kibati chenye maji yanayochemka. Mvuke hulainisha ngozi ya mkate kwa dakika za mwanzo ili upate nafasi ya kutanuka, na baadaye huipa rangi ya kung'aa. Baada ya dakika 10 kibati kitolewe, ganda likauke.

Asiye na tanuri atumie sufuria nene yenye mchanga mkavu chini. Aipashe moto vizuri, aweke mikate mifupi katika bati dogo juu ya mchanga, afunike, kisha atie mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko. Mvuke wa mkate wenyewe hubaki ndani, hivyo kibati cha maji hakihitajiki. Hapo muda hufika dakika 30 au 35.

Mkate ulioiva, ukigongwa chini kwa kidole, hulia kama kitu chenye uwazi. Uache upoe juu ya wavu kabla ya kuukata. Usiufunge katika mfuko wa plastiki, maana ganda litalainika. Kumbuka pia kwamba kwa kukosa mafuta na sukari mkate huu hukauka upesi, hata kesho yake huwa mgumu. Hivyo kikundi kioke mikate itakayonunuliwa siku ile ile, si zaidi.

5. Hesabu ya mfuko mmoja

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kukagua kikundi cha waokaji katika chama kimoja cha kanda yetu. Malalamiko yalikuwa haya: mikate inakwisha kila siku, lakini faida haionekani. Nilipitia kitabu cha fedha na stakabadhi, na kila kilichopokelewa kilikuwa kimeandikwa. Hata hivyo mapato yalikuwa pungufu kuliko makisio ya kamati. Katika rasimu ya taarifa yangu niliandika maneno "upotevu usio na maelezo". Kamati ilipoyasikia, wajumbe wawili wakataka yule mama mwokaji, aliyekuwa pia mshika fedha, asimamishwe siku ile ile.

Mama huyo hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Ndugu Mkaguzi, fedha zangu umezihesabu zote. Mikate yangu je, umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Kesho yake alfajiri nilikwenda na mizani ya chama, nikapima madonge kumi kabla hayajaingia motoni. Jepesi lilikuwa na gramu 270, zito gramu 340, na wastani wa yote ulikuwa gramu 300. Hakuna aliyeiba kitu. Madonge yalikatwa kwa macho, na mkono wa mtu aliyekanda tangu saa kumi za usiku huchoka na kukata kubwa.

Tazameni sasa maana ya gramu 25 zilizozidi. Bei zifuatazo ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke bei za sokoni kwake. Tuseme kwa kilo moja ya unga gharama ni hizi: unga shilingi 2,000, hamira 200, chumvi na maji 50, mkaa 350, ujira 400. Jumla ni shilingi 3,000 kwa mikate 6, yaani shilingi 500 kwa mkate mmoja. Mkate unauzwa shilingi 600.

Mfuko wa kilo 25 wapaswa kutoa mikate 150. Gharama ni shilingi 75,000, mauzo shilingi 90,000, faida shilingi 15,000.

Kwa madonge ya gramu 300, mfuko ule ule hutoa mikate 137 tu. Mauzo ni shilingi 82,200, na faida shilingi 7,200. Gramu 25, ambazo hazijai kiganja, zimekula shilingi 7,800, yaani zaidi ya nusu ya faida. Tuongeze mikate 8 iliyochukuliwa kwa mkopo na wanachama, wala haikulipwa: shilingi 4,800 nyingine. Sasa zimebaki shilingi 2,400, na siku moja ya mikate iliyoungua inatosha kuzimaliza.

Nilifuta yale maneno katika rasimu, nikamwomba radhi mama yule mbele ya kamati iliyotaka kumsimamisha. Tangu siku hiyo sijaandika neno "upotevu" katika taarifa yoyote kabla sijaushika mzani kwa mkono wangu. Nawaomba makatibu wenzangu wafanye vivyo hivyo, kwa sababu jina la mtu likishachafuliwa mkutanoni halisafishwi kwa stakabadhi.

Kwa kikundi chochote, basi, daftari moja lenye safu tano linatosha: tarehe, kilo za unga zilizotolewa ghalani, idadi ya mikate iliyotoka motoni, iliyouzwa kwa fedha taslimu, iliyobaki, kuharibika au kukopwa. Kilo moja, mikate sita. Hesabu isipofika hapo, sababu itafutwe jioni ile ile, mambo yakiwa bado yanakumbukwa.

Jambo hili si geni katika ushirika. Waasisi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao Desemba 1844, unga ulikuwa miongoni mwa bidhaa chache walizoanza nazo. Watu wa tabaka lao walikuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine na kupimiwa kwa mizani ya udanganyifu. Unga safi na kipimo cha haki vilikuwa msingi wa ushirika huo tangu mwanzo.

6. Kuhusu unga wetu wenyewe

Ngano haistawi katika ukame wa Dodoma. Nchini hulimwa nyanda za juu na za baridi, kama Hanang, ambako mashamba makubwa ya Basotu yalianzishwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970. Hata hivyo sehemu kubwa ya ngano inayotumika Tanzania hutoka nje, na bei yake hupanda na kushuka bila kutuuliza sisi.

Mtama tunao. Hauna ule ute unaovutika, kwa hiyo peke yake hautoi mkate wa namna hii. Lakini unga wa mtama mweupe, uliosagwa laini na kuchekechwa, waweza kushika nafasi ya gramu 100 katika kila kilo ya unga bila mkate kuharibika. Anzeni na kiasi hicho. Kikundi kilichozoea chaweza kujaribu hadi gramu 200, kikijua kwamba mkate utapanda kidogo kuliko wa kawaida. Mnunuzi aelezwe wazi kilichomo.

7. Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

(a) Okeni kilo moja ya unga. Pimeni madonge kabla ya kuoka na mikate ikishapoa. Tofauti ni kiasi gani?
(b) Kwa bei za soko lenu, mkate mmoja unawagharimu shilingi ngapi? Je, mmehesabu mkaa na ujira?
(c) Mwanachama anayechukua mkate kwa mkopo analipa lini, na nani anaandika?
(d) Mfuko wa kilo 25 umetoa mikate 141. Taja mambo matatu ya kuchunguza kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Majibu ya swali la mwisho yasomwe mbele ya kamati nzima, mwokaji akiwapo.