Kufunga kwa Vipindi ili Kupunguza Uzito: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kueleza maana ya kufunga kwa vipindi, kupima kama anahitaji kupunguza uzito, kutambua nani asifunge bila ushauri wa tabibu, na kukataa bidhaa zinazouzwa kwa kisingizio cha mfungo.

1. Maana yake

Kufunga si jambo geni katika Bonde la Kilombero. Waislamu hufunga Ramadhani, na Wakristo hujinyima wakati wa Kwaresima. Mifungo hiyo ni ibada, na thamani yake haipimwi kwa mizani. Mfungo tunaouzungumzia hapa ni wa namna nyingine: ni kupanga saa za kula kwa nia ya kupunguza uzito.

Mtindo unaojulikana zaidi ni wa saa 16 kwa 8. Mtu hula ndani ya saa 8, tuseme kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, kisha hukaa saa 16 bila chakula. Maji huruhusiwa wakati wote, na vilevile chai ya rangi isiyotiwa sukari. Mtindo mwingine ni wa kula kama kawaida siku 5 za wiki, na kula kidogo sana katika siku 2 zilizobaki.

2. Je, unapunguza uzito?

Unapunguza, lakini si kwa sababu saa zina nguvu ya dawa. Anayeacha mlo mmoja bila kuufidia huupa mwili nishati pungufu, nao mwili hutumia akiba yake ya mafuta. Mwaka 2022, watafiti wa Guangzhou, nchini China, walichapisha matokeo ya utafiti wa miezi 12 uliohusisha watu 139 wenye unene uliokithiri. Wote walipunguziwa chakula, na kundi moja lilitakiwa pia kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Kundi hilo lilipungua wastani wa kilo 8.0, na kundi lingine kilo 6.3. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba kubana saa kuliongeza faida.

Kwa hiyo, anayeacha chai ya asubuhi, kisha mchana akapakua wali mara mbili ya kawaida yake, hajapunguza kitu. Tuchukue mfano wa sukari. Kikombe cha chai chenye vijiko 3 vidogo vya sukari kina takriban gramu 12 za sukari. Anayekunywa vikombe 4 kwa siku hupata gramu 48, yaani karibu kilokalori 190. Kupunguza sukari hiyo, kupunguza wali na kuongeza mboga za majani, maharage na samaki, ni hatua zinazowezekana hata kwa asiyefunga.

3. Pima kwanza

Gawanya uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 atapata 80 ÷ 2.56, yaani 31. Kwa mtu mzima, kiwango kinachofaa ni kati ya 18.5 na 24.9. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Aliye chini ya 18.5 asifunge ili kupungua. Mkulima aliye katika palizi ya mpunga kwa jembe la mkono naye asianze mfungo katikati ya msimu, kwani kazi hiyo inahitaji chakula na maji ya kutosha.

4. Wasiofunga bila ushauri wa tabibu

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua wasifunge ili kupunguza uzito. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au historia ya kujinyima chakula kupita kiasi, pamoja na kila anayetumia dawa za kila siku, amwone tabibu kwanza.

5. Mfungo na dawa

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Anayetumia insulini au glibenklamidi, kisha akaacha kula, sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mgonjwa akiwa na fahamu, apewe mara moja kinywaji chenye sukari, kisha apelekwe kituo cha afya. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Bonde letu lina malaria, na wakulima wengi huhamia mashambani wakati wa msimu, mbali na zahanati. Dawa mseto ya ALu hufyonzwa vizuri zaidi mwilini inapomezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama vile maziwa au karanga. Aidha, dozi zake hugawanywa kwa siku 3, asubuhi na usiku. Mgonjwa wa malaria asitishe mfungo wa kupunguza uzito hadi amalize dozi na kupata nguvu. Kuruka dozi ili kulinda saa za mfungo ni kuyapa maradhi nafasi ya kurudi.

6. Bidhaa zinazoambatana na mfungo

Mfungo hauhitaji kununua kitu. Hata hivyo, sokoni na katika simu huuzwa chai za kukata tumbo, vidonge vya kuyeyusha kitambi na unga wa kusafisha mwili. Chai nyingi za namna hiyo huharisha tu: mizani hushuka kwa sababu mwili umepoteza maji, na uzito hurudi mtu anapokunywa. Vidonge vingine vilivyopimwa katika nchi mbalimbali vimekutwa na sibutramini iliyofichwa. Dawa hiyo iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo na mishipa ya damu.

Kabla ya kulipa, fanya yafuatayo:

- Soma lebo: jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Uliza usajili. Vyakula husimamiwa na TBS, dawa na vifaa tiba na TMDA, na dawa za asili zina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala.
- Mtilie shaka anayeahidi kilo 10 kwa wiki moja. Kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki kunatosha.
- Dai risiti na utunze kifungashio. Ukidhurika, acha kutumia, nenda kituo cha afya ukiwa nacho, kisha toa taarifa kwa mamlaka husika.

7. Maswali ya kujipima

1. Je, uzito wangu unahitaji kupungua, au nimesikia tu wengine wanafunga?
2. Ni dawa gani ninazotumia, na tabibu amesema nini kuhusu kula kwangu?
3. Nikila ndani ya saa 8, nitapunguza nini hasa katika sahani na kikombe changu?

Asiyeweza kujibu swali la pili asianze kufunga kabla ya kupata jibu hilo kwa tabibu.