Kabla ya Kununua Ruta, Jaribu Waya

Leo tunazungumzia waya. Siyo waya wa umeme, wala ule wa kuanikia nguo. Ni waya unaopeleka intaneti kutoka kwenye kisanduku kiitwacho ruta mpaka kwenye kompyuta.

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ana kibanda uani. Huchapa barua na kuwajazia vijana fomu za mkopo wa chuo. Ruta iko sebuleni. Siku moja fomu zikagoma kufunguka. Jirani akasema, "Ruta imekufa, nunua nyingine." Vijana walikuwa foleni, na siku ya mwisho ya kupeleka fomu ilikuwa kesho yake.

Tulimwomba jambo moja tu. Aipeleke kompyuta sebuleni, aiunge na ruta kwa waya mwingine, mfupi na mzima. Fomu ikafunguka pale pale. Kumbe ruta haina kosa! Mgonjwa ni ule waya mrefu wa uani.

Tukaukata, tukautazama. Ndani mna nyuzi 8 za rangi mbalimbali, zimesokotwa mbili mbili. Zinasokotwa hivyo ili umeme wa nyaya za jirani usizivuruge. Tukakwangua uzi mmoja kwa kisu. Juu ni mwekundu kama shaba, lakini ndani ni mweupe. Basi mama aliuziwa alumini iliyopakwa shaba. Bei yake ni nafuu, ila hukatika upesi ukikunjwakunjwa. Tena umeme hupita kwa shida kuliko katika shaba. Shaba yenyewe, hata ukikwangua, ni nyekundu mpaka ndani.

Dukani, soma maandishi yaliyo juu ya ganda. Ukiona herufi CCA, ujue ni ile alumini. Mrudishie mwenye duka. Ukiona CAT5E, chukua. Huo hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, mpaka mita 100. Uani kwa mama hapafiki hata mita 30! CAT6 nao ni mzuri, lakini kwa nyumba ya kawaida hatuoni sababu ya kuongeza fedha. CAT5 isiyo na E ni ya zamani, kasi yake ni ndogo.

Je, ukijaribu waya mfupi na bado kimya? Hapo huenda kosa haliko kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika. Intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hata ukinunua ruta tatu, ni bure. Wapigie simu kwanza wanaokuuzia intaneti.

Mama alinunua mita 25 za CAT5E ya shaba. Tukaupitisha ndani ya bomba la plastiki, maana jua hupasua ganda. Jioni ile taa ndogo ya ruta ikawaka, na foleni ikaanza kusogea. Fomu ya mwisho ilikwenda saa 5 usiku.