Hitilafu ya Majina katika Seva ya Tomcat
Programu ya Java iliyotumika vyema katika seva ya Tomcat 9 huweza kukataa kufanya kazi ihamishiwapo katika Tomcat 10. Fundi asiyejua sababu hubadili mipangilio kutwa nzima bila mafanikio. Yafaa kwanza kusoma kumbukumbu za seva, zilizomo katika saraka ya logs. Zikionyesha kwamba klasi ya javax.servlet haikupatikana, chanzo ni majina. Toleo la Jakarta EE 9, la mwaka 2020, lilibadili javax kuwa jakarta, na Tomcat 10 huyatambua majina mapya tu.

Dawa ni mbili: kusahihisha majina na kuiunda programu upya, au kuliweka faili lake katika saraka iitwayo webapps-javaee, ili Tomcat iligeuze yenyewe.

Swali: Kwa nini kubadili namba ya mlango, 8080, hakuwezi kuondoa hitilafu hii?