Somo la wiki: Nguvu ya ziada ya injini, utaiuza wapi?

MFANYABIASHARA wa Njombe mwenye lori au pikapu ya dizeli siku hizi anaweza kukutana na huduma ambayo baba yake hakuijua. Fundi anakuja na kompyuta ndogo, anachomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani, na baada ya saa moja au mbili gari linatoka likiwa na nguvu zaidi. Hakuna pistoni iliyobadilishwa wala nati iliyofunguliwa. Kilichobadilishwa ni programu, yaani yale maagizo yanayoiambia injini ipulize dizeli kiasi gani na wakati gani, na tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) isukume kwa nguvu kiasi gani.

Ahadi inayotolewa kwa kawaida ni ongezeko la nguvu la asilimia 20 hadi 30, na juu ya hapo matumizi ya dizeli kupungua.

Ukurasa huu hauna ugomvi na mafundi hao. Injini nyingi za dizeli zenye tabo na kompyuta huweza kweli kuongezewa nguvu kwa njia hiyo. Viwanda vyenyewe huuza injini ya umbo moja katika madaraja tofauti. Scania, mathalani, imekuwa ikiuza injini yake ya lita 12.7 ikiwa na nguvu za farasi 360, 400, 440 na 480. Swali letu ni la kibiashara. Nguvu ni bidhaa. Ukishainunua, utaiuza wapi?

Kwanza tuondoe magari ambayo habari hii haiyahusu. Land Cruiser "mkonga" zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, pamoja na Canter za zamani, hazina kompyuta ya kusimamia dizeli. Zinatumia pampu ya kawaida. Hapo fundi akisema ataongeza nguvu, maana yake atakaza skrubu ya pampu ili dizeli iingie nyingi zaidi. Programu haipo, na asikulipishe bei ya programu.

Njombe na hewa yake

Wateja wengi wa huduma hii huanza na malalamiko kwamba gari walilonunua Dar es Salaam lilikuwa jepesi kule pwani, lakini limefika Njombe limekuwa zito. Malalamiko hayo ni ya kweli na sababu yake si fundi wala dalali aliyeuza gari. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Makambako uko zaidi ya mita 1,600. Katika kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 hadi 20 kuliko ya pwani. Kilo moja ya dizeli huhitaji karibu kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kweli injini ya dizeli huhitaji zaidi ya hapo isitoe moshi mweusi.

Kwa hiyo mkonga isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi takriban 130 ikiwa Kurasini, inabaki na kama 105 ikiwa Njombe mjini. Kumkazia skrubu mnyama huyo ni kumwongezea chakula wakati anachokosa ni pumzi. Dizeli isiyopata hewa inatoka eksozi ikiwa moshi mweusi, na mwenye gari ameilipia kila tone.

Injini yenye tabo huumia kidogo zaidi ya sifuri, kwa sababu tabo huzunguka kwa kasi kubwa kufidia hewa nyepesi. Hapo ndipo penye jambo ambalo mteja wa nyanda za juu anapaswa kulielewa kuliko mteja wa Tanga. Tabo ya gari linalofanya kazi Njombe tayari inatumia sehemu ya akiba yake kila siku. Programu iliyoandikwa na kujaribiwa nchi yenye miji ya usawa wa bahari inapoiagiza iongeze tena, akiba hiyo inakwisha. Joto la moshi linapanda. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi.

Wakulima wa viazi wanaijua lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu, linabeba kuliko lilivyoshonwa kubeba, na wote wanaopokea faida hawapo pale mshono unapopasuka. Injini iliyoongezewa nguvu kwa programu peke yake ni lumbesa ya aina yake. Haina maana kwamba itapasuka wiki hii. Maana yake ni kwamba ule uwazi ambao kiwanda kiliuacha makusudi, kwa ajili ya dizeli chafu, rejeta iliyoziba, dereva mkorofi na mlima mrefu, umeuzwa.

Toyota wenyewe walifanya nini

Mfano mzuri uko barabarani kila siku. Mwaka 2015 Toyota ilileta Hilux yenye injini ya 1GD ya lita 2.8, nguvu za farasi 177 na mzunguko wa Nm 450. Mwaka 2020 injini hiyohiyo ya lita 2.8 ikatoka na nguvu 204 na Nm 500. Ni ongezeko la asilimia 15 tu kwa nguvu na 11 kwa mzunguko.

Lakini kiwanda hakikutosheka na kubadili programu. Kilibadili tabo na mfumo wa kupuliza dizeli, na kikaimarisha bloku na upozaji wake. Wahandisi waliounda injini ile, wenye vipimo vyote mezani, waliona asilimia 15 inahitaji vyuma vipya. Anayekuahidi asilimia 30 kwa waya mmoja, muulize amejua nini ambacho wao hawakujua. Jibu la haki ni kwamba kiwanda lazima kitoe dhamana ya miaka kadhaa, na yeye hatoi.

Hesabu ya lori

Sasa tuje kwenye mtaji. Mwenye lori anaweza kugeuza nguvu kuwa fedha kwa njia tatu: kubeba mzigo mkubwa zaidi, kwenda haraka zaidi, au kuchoma dizeli kidogo zaidi.

Mzigo umefungwa na sheria. Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kikomo chake ni tani 56 kwa gari lote pamoja na mzigo, tena kwa mpangilio wa ekseli unaokubalika. Mizani ya Makambako haiulizi injini yako ina nguvu kiasi gani.

Kasi nayo imefungwa. Lori haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Inabaki milima, na hapo ndipo muuzaji wa programu husimama kwa kujiamini. Tumpe nafasi.

Chukua lori lenye uzito wa jumla tani 30 linalopanda kutoka Ruaha Mbuyuni kupitia Kitonga hadi Iringa, ambako ni kama mita 1,000 za kwenda juu. Kuinua tani 30 kwa mita hizo kunahitaji nishati ya dizeli ya karibu lita 20, na hii ni hesabu ya uzito wenyewe, kabla ya msuguano wa matairi na upepo. Lita hizo utazilipa ukipanda taratibu na utazilipa ukipanda haraka. Nguvu inabadilisha muda tu. Injini ya nguvu 360 itatumia kama dakika 18 za kazi halisi ya kuinua. Ukiiongezea asilimia 20, itatumia kama dakika 15. Umeokoa dakika 3. Hata ukikuta milima mitano ya namna hiyo, hujaokoa nusu saa katika safari ya kilomita takriban 700 kati ya Njombe na Dar es Salaam. Foleni moja ya mizani inaimeza.

Liko pia jambo ambalo wengi hulisahau. Viazi, mbao na parachichi za Njombe zinateremka. Mzigo wetu mzito unakwenda baharini, na mteremko hauhitaji nguvu za farasi, unahitaji breki. Anayepanda na mzigo mzito ni yule anayerudi na mbolea au saruji. Kama lori lako hurudi nusu tupu, umenunua nguvu kwa ajili ya safari ambayo haina mzigo.

Njia ya tatu ni dizeli. Tufanye mfano kwa namba za kukokotolea tu. Lori linatumia lita 45 kwa kilomita 100, sawa na lita 315 kwa kilomita 700. Weka dizeli Sh. 2,800/= kwa lita (bei kikomo halisi hutolewa na EWURA kila mwezi) na gharama ya programu Sh. 1,500,000/=. Akiba ikiwa kweli asilimia 10, utaokoa Sh. 88,200/= kwa safari na kurudisha fedha baada ya safari 17. Akiba ikiwa asilimia 3, ni Sh. 26,460/=, na utahitaji safari 57. Tofauti ya 17 na 57 ndiyo biashara yote. Tena hiyo ni bila klachi. Nguvu ya mzunguko ikiongezeka, sehemu ya kwanza kulalamika kwa kawaida ni klachi, na siku lori limelala gereji na viazi viko shambani haimo katika hesabu ya fundi.

Asilimia hiyo isikubaliwe kwa maneno. Jaza tangi hadi juu, fanya safari tano kwa dereva yuleyule na mzigo unaokaribiana, andika lita na kilomita. Fanya hivyo kabla na baada. Usiamini namba ya kwenye dashibodi, kwani nayo hukokotolewa na kompyuta ileile iliyoguswa.

Na kabla ya hizo safari tano za kwanza, badilisha filta ya hewa. Barabara za vumbi za kwenda mashambani, na unga wa mbao kwenye viwanda vya kupasulia, huziba filta kabla ya muda wake. Kagua mipira ya tabo kama inavuja, pima nozeli, angalia breki zinazoshika na upepo wa matairi. Gari lililopoteza nguvu kwa uchakavu haliongezewi, linarudishiwa, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya programu.

Je, yupo anayefaidika? Yupo. Mwenye pikapu ya kisasa yenye tabo anayevuta tela kwenye vilima vya Lupembe au Ludewa, asiye na dhamana ya kiwanda ya kupoteza, na ambaye saa zake ni ghali, anaweza kuchukua ongezeko la wastani la asilimia 10 hivi na akaridhika. Mwenye lori linalopanda na mbolea kila wiki anaweza pia kufikiria, kwa sharti la kufunga kipimo cha joto la moshi na kumfundisha dereva kukisoma. Dereva asiyekisoma atakuunguzia injini ileile ya kwanza hata bila programu.

Kwa anayeamua kuendelea, fundi akupe nakala ya programu ya awali kabla hajaandika chochote, uitunze mwenyewe. Ikitokea hitilafu, au ukitaka kuuza gari kwa mtu asiyetaka mambo haya, bila nakala hiyo huna pa kurudi. Mwarifu pia mwenye bima kwa maandishi. Mkataba wa bima husimama juu ya nia njema kabisa, na badiliko la injini lililofichwa ni sababu ambayo kampuni inaweza kuitumia kukataa kulipa.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika nao wakumbuke kwamba programu haionekani kwa macho. Mwaka 2015 iligundulika kuwa Volkswagen ilikuwa imeficha ndani ya programu za magari takriban milioni 11 ya dizeli maagizo ya kudanganya vipimo vya moshi, na wakaguzi walikuwa wameyapitisha kwa miaka. Pikapu iliyoshuka bandarini inaweza kuwa ilishaguswa na mtu kabla yako. Mlipe fundi aisome kompyuta yake kabla ya kulipia gari.