Tabora hadi Saanane: Msako wa Hazina Bila Kufukia Chochote

Mwambie mtoto wa miaka tisa "twende tukaone historia", naye atauliza kama huko kuna chipsi. Mwambie kuna kitu cha kutafuta, na kwamba yeye ndiye atakayeshika simu inayoonyesha njia, uone kama hatakutangulia mlangoni. Mchezo wa kusaka hazina kwa GPS umejengwa juu ya tabia hiyo. Ulianza tarehe 3 Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yanayowafikia raia. Dave Ulmer alificha ndoo msituni, akatangaza majiranukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, wengine wakaifuata.

Kwa familia yenye hamu ya mchezo huo pamoja na mashua na kisiwa, Tabora ni mwanzo mzuri. Hapa njia ya misafara kutoka pwani iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Ziwa Nyanza. Julai 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, akafika karibu na Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Leo basi linakufikisha kwa siku moja kupitia Nzega na Shinyanga. Treni ya Mwanza nayo hupita reli iliyokamilika mwaka 1928. Ulizia ratiba stesheni kabla ya kupanga tarehe.

1. Fuata saa za wapagazi

Wapagazi wa Kinyamwezi waliondoka alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijawa kali. Saa hizo zinawafaa watoto, na ziwani zinafaa zaidi. Kwa hiyo kila hatua ya kutembea ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi na iishe kabla ya saa tano. Mchana ni wa kula, kulala na kujaza daftari.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti: mvua za Tabora zimekwisha, na shule zina likizo kwa sehemu ya msimu huo. Begi la mtoto lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Abebe maji yake, kofia, daftari na penseli. Mengine ni mzigo wako.

2. Teua kirangozi

Msafara ulikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera. Fanyeni hivyo hivyo kwa zamu: kila kituo kina kirangozi wake, ndiye anayeshika simu na kuamua kona. Mkubwa hamsahihishi, isipokuwa kuna hatari. Akipotea, kundi zima linasimama na kusoma ramani upya. Mdogo asiyejua kusoma ashike bendera. Kanga kuukuu kwenye fimbo inatosha.

3. Hazina iwe swali

Usifiche kopo wala kufukia chochote. Kifurushi kisicho na mwenyewe karibu na stesheni kitawaletea polisi; eneo la kale halichimbwi; na ndani ya hifadhi huachi kitu wala huchukui. Badala yake, andika swali ambalo jibu lake liko pale tu. "Livingstone alikaa Kwihara mwaka gani?" ni swali bovu, maana simu italijibu mkiwa bado sebuleni. "Chora nakshi moja inayojirudia mlangoni" ni swali zuri.

Dokezo la kuwafikisha watoto kituoni liandike kwa kitendawili, nao waitikie "Tega!" Kwa mfano: nyumba yangu ina ua tumboni lakini haina mgongo. Jibu ni tembe, kwa kuwa paa lake ni bapa. Zawadi unabeba wewe mzazi, na ukiwa Tabora usihangaike: kijiko cha asali ya huko kinamtosha kila aliyejibu.

4. Fundisha namba kabla ya kuondoka

Pakua ramani nyumbani. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata bila bando, lakini ramani isipokuwa ndani ya simu utaona nukta katikati ya weupe. Chukua na pawabenki.

Tabora iko karibu na -5.02, 32.80, Mwanza ni -2.52, 32.90. Waonyeshe watoto kwamba namba ya pili karibu haibadiliki: safari yote inakwenda kaskazini. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, basi wapige hesabu wenyewe ya umbali ulionyooka. Kisha waondoe alama ya kutoa kwenye namba ya Tabora, waone ramani ikiwapeleka Sudan Kusini. Hawataisahau tena.

Simu hukosea kwa mita kadhaa, na zaidi chini ya mti mkubwa au kando ya ukuta. Weka vituo mahali peupe. Mkibakiza mita kumi, simu iingie mfukoni na macho yafanye kazi.

5. Vituo vya Tabora

Vitatu vinatosha kwa asubuhi moja. Anzia stesheni, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1912. Kirangozi amuulize mfanyakazi treni ya Mwanza huondokea upande gani. Pili, tafuta mwembe mkongwe, mti ulioletwa na watu wa pwani, mpime shina lake kwa kanga.

Cha tatu ni tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambalo sasa ni makumbusho. Mwandishi wa habari Stanley alimwacha mpelelezi Livingstone hapo Machi 1872, naye Livingstone akasubiri wapagazi hadi Agosti. Usiwafiche watoto kwamba njia hii ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Swali la kituo liwe hili: katika maonyesho haya, nani ametajwa kwa jina, na nani hana jina? Boma la Wajerumani, lililo chini ya jeshi, lirukeni, wala msipige picha karibu na eneo lolote la jeshi.

6. Mashua na kisiwa

Mkifika Mwanza, nendeni kisiwa cha Saanane: ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na ni dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla ya bustani ya wanyama kuanzishwa mwaka 1964. Njia zake hupanda juu ya majabali, kwa hiyo vaeni viatu vyenye soli inayoshika. Maswali yawe ya macho: pimbi wangapi juu ya jabali moja? Mjusi dume ana rangi gani kichwani, na gani mkiani? Uliza mapema namna ya kulipa kiingilio. Usitegemee fedha taslimu.

Mkitaka kuonja tanga, kodi chombo kilichosajiliwa, mzunguke ghubani asubuhi na kurudi kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa. Hapa hakuna mzaha. MV Bukoba ilizama 1996 na MV Nyerere 2018, zote zikiwa zimejaza watu kupita kiasi. Muulize nahodha chombo kinabeba wangapi, kisha hesabu vichwa mwenyewe; wakizidi, shukeni. Jaketi la kuokolea maisha la mtoto lifungwe, kisha mwinue kwa mabega yake: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, dai jingine. Wala msiogelee kandokando, kwa sababu ya kichocho na mamba.

7. Jioni ya mwisho

Wape watoto kazi ya kutunga njia kwa ajili ya familia nyingine: majiranukta, kitendawili na swali la kila kituo. Mwakani mnaweza kushika tawi la magharibi, Ujiji, kwa utaratibu huu huu. Wapitishe maswali yao kwa mtu ambaye hakusafiri nanyi. Lolote atakaloweza kulijibu akiwa kwake, lifutwe.