Sauti ya Mitambo ya Upepo na Usingizi wa Jirani

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Mtu aishiye kandokando ya reli hiyo huweza kutambua kwamba honi ya treni husikika mbali zaidi usiku kuliko mchana. Sababu si ukimya wa usiku peke yake.

Sauti huenda kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto. Mchana jua huipasha ardhi, na hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu. Hivyo sauti hupinda kuelekea juu. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hapo sauti hupinda kurudi chini na kuyafikia makazi ya mbali.

Kanuni hiyo yahusu pia mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Nchini Kenya, mitambo ya kwanza ya vilima vya Ngong ilisimikwa mwaka 1993. Na Singida, mashariki ya Tabora, imefikiriwa kwa muda mrefu kuwa mahali pafaapo kwa kazi hiyo. Mapanga ya mtambo yakatapo hewa hutoa mvumo unaopanda na kushuka. Mchana mvumo huo hufunikwa na sauti za majani na shughuli za watu. Usiku upepo waweza kutulia ardhini, ilhali juu, penye mapanga, ungali ukivuma kwa nguvu. Basi mtambo hunguruma kijiji kikiwa kimya.

Uchunguzi umeonyesha kwamba sauti hiyo huwakera baadhi ya majirani. Kuhusu usingizi, matokeo ya wataalamu hayajaafikiana. Wala haijathibitishwa kwamba sauti hiyo yenyewe huleta maradhi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mchana, jioni na usiku uwe chini ya desibeli 45, lakini halikuweka kiwango cha usiku peke yake, kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Kwa hiyo umbali upimwao kwa hatua tu hautoshi kumlinda mkazi. Yafaa sauti ipimwe usiku, wakati wa kiangazi, penye nyumba zenyewe, na wenyeji wasikilizwe kabla msingi wa mtambo haujachimbwa. Mtambo ukishasimama, kuuhamisha ni kazi ngumu.