Jiwe la Figo Huvunjwa Bila Kisu
Kijitabu cha elimu ya afya kwa wakazi wa mashamba ya chai, Kericho na Bomet

Mchuma chai akiumwa mgongo huona ni kawaida. Ukishinda umeinama juu ya michai tangu alfajiri, na kikapu cha majani kinakuelemea, jioni mgongo utauma tu. Lakini maumivu ya kazi hutulia ukijinyoosha kitandani. Ya jiwe la figo hayatulii. Huanza ghafla ubavuni, chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani. Mgonjwa huketi, huinuka, hupiga magoti, hutapika, na bado haoni pa kuuweka mwili. Mkojo wake unaweza kuwa mwekundu, au ukawa na rangi ya turungi.

Ukipatwa hivyo, usiishie dukani kununua tembe za maumivu. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, au Longisa, Kapkatet, Litein, Tenwek, kokote kuliko karibu nawe. Utapimwa mkojo na damu, upigwe altrasaundi. Kabla hujatoka, uliza mambo mawili na uyaandike: jiwe lina milimita ngapi, na limekaa wapi. Lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe na mkojo. Linalozidi sentimita 2 kwa kawaida hutolewa kwa chombo kinachopitishwa kwenye tundu dogo mgongoni. Kwa mengi yaliyo kati ya hayo kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko, na hiyo ndiyo watu wetu wengi hawajawahi kuisikia.

Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mjini Munich, Ujerumani, Februari 1980, na Dkt. Christian Chaussy na wenzake, kwa mashine iliyoundwa na kampuni ya ndege ya Dornier. Wakati huo mgonjwa aliwekwa ndani ya beseni kubwa la maji. Siku hizi unalala mezani, unapakwa jeli ubavuni, kisha mto laini wenye maji unagandamizwa hapo. Jiwe likishaonekana kwa eksirei au altrasaundi, mapigo huanza: ta, ta, ta, kama moja kila sekunde, hadi yafike 2,000 au 3,000. Kila pigo ni kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti. Utapewa dawa ya maumivu, pengine ya usingizi. Mwili una maji mengi, kwa hiyo mawimbi hupenya nyama bila kuichana. Yakikutana na jiwe gumu, hulipasua. Kazi huchukua kama saa moja, na wengi hulala kwao usiku huo huo.

Mama mjamzito hatibiwi kwa njia hii. Ukitumia aspirini, wafarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema. Maambukizi ya mkojo nayo hutibiwa kwanza. Na ujue kwamba jiwe gumu sana, au lililojificha sehemu ya chini ya figo, huenda likahitaji kurudiwa au njia nyingine.

Mashine hii haipatikani kila hospitali, hivyo huenda ukapewa barua ya rufaa. Kabla ya kupanda matatu, piga simu. Uliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, gharama ni ngapi pamoja na picha na marudio, na bima ya afya ya SHA italipa nini.

Ukirudi nyumbani, damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache isikutishe, wala alama ya kuvilia damu ubavuni. Vipande vikishuka vitauma. Tenga kichujio kimoja cha chai, kisirudi tena jikoni, ukojolee juu yake. Chembe utakazozipata zipeleke zipimwe. Ila ukitetemeka kwa homa, au mkojo ukikataa kutoka, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huku kwetu homa ya baridi huitwa malaria upesi mno. Lakini hapa huenda ni usaha uliozibwa nyuma ya jiwe, nao unaweza kuua.

Watu hutuuliza kama waache chai. La. Majani ya chai yana oksaleti, mojawapo ya vitu vinavyounda mawe, lakini kalisi ya maziwa huikamata tumboni kabla haijafika kwenye figo. Kwa hiyo chai ya maziwa ina nafuu kuliko turungi, na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nayo usiiache. Punguza chumvi. Zaidi ya yote kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, maana aliyewahi kupata jiwe hupata jingine kwa urahisi. Baridi ya Kericho hudanganya: kiu haiji, ilhali mwili umekauka.

Na hapa tunawaambia wasimamizi wa mashamba waziwazi. Wapo akina mama wanaojinyima maji makusudi kwa kuwa choo kiko mbali na mstari wao, na kwenda huko ni kupoteza kilo za majani. Wekeni choo karibu na wachumaji, na mtungi wa maji safi penye mizani.